Mbona jua halizami baharini Mombasa?

Msomaji mmoja wa Donholm, Nairobi, ameniandikia hivi: "Habari yako Mwalimu. Agosti iliyopita tulikwenda Mombasa, tukakaa hoteli moja ya Nyali iliyo ufuoni kabisa. Kila jioni nilishuka mchangani na simu yangu nikisubiri jua lizame baharini, kama ninavyoona kwenye picha za watu. Halikuzama hata siku moja. Lilipotelea nyuma yetu, nyuma ya minazi na mapaa ya hoteli, na bahari ikabaki ya kijivu. Nilizopiga kuelekea jua zilitoka anga jeupe tupu. Desemba tunarudi na mama, anatimiza miaka 70, na ninataka picha moja nzuri ya machweo akiwemo yeye, niitundike sebuleni. Nisimame wapi? Nifanye nini na simu? Na je, nikodishe kamera yenye lenzi kubwa?"

Dada yangu, hongera kwa mama, Mungu amzidishie. Nitayajibu yote matatu, na la lenzi nitaliacha mwisho kwa kuwa ndilo jepesi.

Agosti hukuchelewa kushuka ufuoni, wala hali ya hewa haikukunyima kitu. Ufuo wa Nyali unatazama mashariki. Pwani yetu karibu yote, kuanzia Vanga mpakani na Tanzania hadi Kiunga kule karibu na Somalia, imelala mshazari ikiiangalia Bahari ya Hindi upande wa mashariki na kusini-mashariki. Kwa hiyo jua hutoka majini asubuhi na huzama bara jioni, mwaka mzima. Nyali, Bamburi, Shanzu, Tiwi, Diani, kote ni hivyo. Ukiona picha ya jua jekundu limegusa bahari wazi na ukaambiwa imepigwa ufuoni Diani, ujue hiyo ni alfajiri, hata kama chini pameandikwa machweo.

Mtu anayetaka kwa dhati kuona jua likizama majini ana safari nyingine. Unguja, Mji Mkongwe na fukwe za Kendwa zinatazama magharibi, na huko jua huingia baharini mbele ya macho yako. Kwa sisi wa Kenya, Kisumu ndiyo karibu zaidi: Ghuba ya Winam imefunguka kuelekea magharibi, na jioni ya Dunga haina deni kwa bahari yoyote. Lakini wewe unakwenda Mombasa, na Mombasa ina machweo yake, mazuri sana, ila hayako mahali ambapo hoteli za ufuoni zimejengwa.

Mombasa ni kisiwa. Bahari imekizunguka kwa mikono miwili: upande wa kaskazini na mashariki kuna hori la Tudor, linaloanzia bandari ya kale na kupita chini ya daraja la Nyali; upande wa kusini na magharibi kuna mkondo wa Kilindini unaoingia hadi Port Reitz. Mikono hii ndiyo dawa yako. Unachotafuta ni mahali ambapo maji yako magharibi mwako, yaani wewe uko ng'ambo ya mashariki na maji yako kati yako na jua. Ukishaikubali kanuni hiyo moja, hutahitaji kuuliza mtu tena, iwe Mombasa, Lamu au mji wowote wa pwani duniani. Fungua ramani kwenye simu, tafuta maji, kisha tafuta ukingo wake wa mashariki unaofikika kwa miguu.

Kwa kuwa mtakaa Nyali, bahati iko upande wenu. Ncha ya English Point, upande wa Mkomani, inaitazama bandari ya kale na Mji wa Kale ng'ambo ya maji. Pale kuna gati la mashua na mikahawa, na hata ukiagiza chai tu unaweza kukaa na mama kwenye kiti kizuri huku ukisubiri. Jua linashuka nyuma ya nyumba za Mji wa Kale na minara ya misikiti, na upande wa kushoto unaiona Ngome ya Yesu, ile ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Maji ya hapo yamekingwa na mawimbi, kwa hiyo hupokea rangi ya anga vizuri kuliko bahari wazi. Mashua ndogo za wavuvi hupita katikati. Na la maana zaidi kwa Desemba: hamtalazimika kuvuka daraja la Nyali jioni, wakati magari yamesimama na jua halikungoji.

Siku nyingine vukeni mapema, saa kumi hivi, mwende Mama Ngina. Bustani ile ya ukingoni mwa bahari ilitengenezwa upya mwaka 2019, ina njia pana na mahali pa kukaa, na mtu wa miaka 70 hatachoka. Wengi wakifika pale hutazama bahari kuu, mashariki, wakala mihogo yao ya pilipili na ndimu, wakarudi nyumbani. Wewe geuka utazame magharibi, kuelekea kivuko cha Likoni. Desemba jua linaangukia upande huo, ng'ambo ya mkondo, na mibuyu mikongwe ya pale inabaki mieusi mbele ya anga. Mbuyu una umbo ambalo mnazi hauna: matawi yake yamepinda na kuachana, na kila tawi linaonekana peke yake. Simama ili shina liwe upande mmoja wa picha na matawi yaingie katikati. Ukiweka shina katikati, picha inakuwa nzito.

Neno la hadhari hapo. Kivukoni na sehemu za bandari usielekeze kamera kwa karibu bila ruhusa, walinzi hawapendi na wana sababu zao. Mji wa Kale nao ni mtaa wa watu wanaoishi: usimpige mtu picha, hasa kina mama, kabla ya kumwomba. Ndege zisizo na rubani zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa hiyo kama kuna kijana wa familia anataka kubeba ya kwake, amalize hilo Nairobi.

Mkiwa na gari na siku ya ziada, nendeni Kilifi, kama kilomita 60 kaskazini. Kwa maoni yangu hakuna machweo mazuri kuliko ya hori la Kilifi katika pwani nzima ya Kenya. Karibu na daraja hori ni jembamba, lakini likiingia bara linapanuka na kuwa kama ziwa, na jua linashuka upande huo wa ndani, juu ya maji tulivu yenye mashua zilizotia nanga. Hori la Mtwapa liko karibu zaidi nanyi ila limebanwa na miti na majumba, unaweza kukaa jioni nzima ukitafuta mwanya. Wakienda Watamu watu huishia ufuoni, kumbe Mida Creek nyuma yao ndiyo yenye jioni, na mikoko yake. Na Diani, pale mwisho wa kaskazini penye Msikiti wa Kongo na mibuyu, Mto Mwachema unaingia baharini. Ukisimama mdomoni mwa mto na kutazama juu, unakotoka, unapata maji yaliyo magharibi mwako.

Sasa saa na upande. Jua halizami mahali pamoja mwaka mzima. Machi na Septemba huzama magharibi kamili, nyuzi 270 kwenye dira ya simu. Juni husogea kulia, kaskazini, hadi karibu nyuzi 293, na Desemba husogea kushoto hadi karibu nyuzi 247. Nyoosha mkono wako na ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo ni kama nyuzi 10. Kwa hiyo Desemba jua litashuka ngumi mbili na kitu kushoto mwa magharibi kamili. Pale English Point, hilo linalisogeza upande wa Ngome, na ni jambo jema. Mtu atakayekwenda Juni atalikuta limehamia kulia, kuelekea darajani. Fika mchana, simama, shika dira kwenye 247, uone ni jengo gani au mti gani utakaokuwa mbele ya jua. Kazi hiyo ya dakika tano itakuokoa mbio za dakika ya mwisho.

Mombasa iko mashariki mwa Nairobi lakini tunatumia saa moja, kwa hiyo jua la huko hutangulia kuchwa. Mwanzoni mwa Desemba tarajia karibu saa 12 na dakika 20 jioni, na mwisho wa mwezi karibu saa 12 na dakika 35. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima, halitambai upande kama kule Ulaya. Ngumi moja ya anga linaimaliza kwa dakika 40 hivi. Ukiona kati ya jua na upeo panatosha ngumi moja, una dakika 40. Likigusa upeo, linamalizika kuzama kwa dakika mbili tu na sekunde chache. Kwa hiyo kuwa mahali pako saa kumi na moja, si saa kumi na mbili na robo.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi. Mchana joto la nchi kavu huinua mawingu upande wa bara, na bara ndiko jua linakozama. Mara nyingi huko magharibi kunakuwa na ukuta wa wingu mzito, na jua linaingia humo robo saa kabla ya kufika upeoni. Aliyefika dakika ya mwisho anakuta limekwisha.

Yaani mawingu yanaharibu? Hapana, na hili ningependa ulishike vizuri. Anga lisilo na wingu hata moja hutoa machweo ya kawaida: duara la rangi ya machungwa, kisha giza. Rangi zinazowafanya watu wasimame zinatokana na mawingu ya juu, yale membamba yaliyochanika. Jua likiwa chini, mwanga wake unapita kwenye hewa ndefu sana, buluu inatawanywa njiani, na kinachofika ni nyekundu na machungwa. Jua likishazama kwako, bado linayaona yale mawingu yaliyo juu sana, na linayaangaza kutoka chini. Ndipo yanapowaka. Kwa hiyo saa kumi na moja tazama magharibi: ukiona mawingu membamba juu na mwanya safi chini, karibu na upeo, mwite mama haraka. Ukiona wingu zito limekaa upeoni bila mwanya, kunyweni chai, mjaribu kesho.

Hewa ya pwani ina unyevu na chembe za chumvi, na hizo hutawanya rangi zote sawasawa, ndipo anga linapofifia na kuwa jeupe. Mvua ikinyesha mchana huisafisha hewa. Mwanzoni mwa Desemba vuli inaweza kuwa bado inamalizia huku kaskazi ikianza, na jioni inayofuata mvua ya mchana ndiyo ninayoiombea kila mtu. Usikate tamaa kwa sababu kumenyesha saa nane.

Kosa linalowanyima watu picha kuliko yote ni kuondoka. Jua linazama, watu wanapiga makofi, wanaweka simu mfukoni, wanaelekea kwenye gari. Ukiwa English Point utasikia adhana ya magharibi ikitoka Mji wa Kale ng'ambo ya maji, msikiti mmoja ukitangulia na mingine ikifuata. Hiyo ndiyo saa yako sahihi kuliko saa yoyote ya mkononi: jua limekuchwa. Kuanzia hapo hesabu dakika 10 hadi 15 kabla ya kuamua kama jioni imekwisha. Mara nyingi anga hupoa kwanza, linakuwa kijivu kwa muda, halafu yale mawingu ya juu yanashika rangi ya waridi, kisha nyekundu, kisha zambarau. Baada ya dakika 20 na kitu giza linaingia, maana utusitusi wetu wa ikweta ni mfupi. Taa za mji nazo zinakuwa zimewaka, na kuna dakika chache ambapo mwanga wa taa na mwanga wa anga vinalingana. Dirisha moja la Mji wa Kale likiwa la njano chini ya anga la zambarau linatosha kuwa picha.

Maji kujaa na kupwa pia yana neno. Mombasa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu zaidi, tofauti inakaribia mita nne. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa alasiri, karibu saa kumi na nusu, na jua linapozama yanakuwa yanaondoka. Siku mbili au tatu baadaye yanajaa karibu na magharibi yenyewe, na hizo ndizo jioni za mahori: mikoko imesimama majini na anga liko juu na chini. Wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, jioni unaweza kukuta matope yamejitokeza Mida au Tudor. Matope yenye vidimbwi si mabaya, kila kidimbwi kinashika kipande cha anga, ila inakubidi upige kutoka chini sana, simu karibu iguse ardhi. Ratiba za maji hutolewa na Mamlaka ya Bandari, lakini hata mvuvi yeyote atakuambia bila kutazama karatasi.

Tuje kwenye simu. Anga lako lilitoka jeupe kwa sababu simu ilitazama picha nzima, ikaona giza jingi la minazi na mchanga, ikaamua kuongeza mwangaza. Wewe ndiwe unayepaswa kuamua. Elekeza simu, gusa kioo kwenye anga kando ya jua, si kwenye jua lenyewe, na ushikilie kidole mpaka uone alama ya kufunga. Kando yake patatokea mstari mdogo wa kuteleza wenye alama ya jua au balbu. Uteremshe taratibu mpaka rangi zirudi angani. Utaona vitu vya mbele vinakuwa vyeusi. Viache viwe vyeusi, ndivyo vinavyoipa picha umbo. Zima flashi. Usikuze kwa vidole viwili, simu nyingi zikikuza hivyo zinakata tu kipande cha picha. Kwenye mipangilio, kama simu yako ina sehemu ya kuchagua aina ya mwanga, weka ya mchana wa jua badala ya kuiacha ijichagulie, la sivyo itajaribu "kusahihisha" wekundu ule ule uliousafiria.

Kisha kuna kioo cha lenzi. Ukitoka chumba chenye hewa baridi na kuingia kwenye joto la Mombasa, lenzi inashika ukungu papo hapo, na macho yako hayatauona kwenye kioo cha simu mchana. Utauona baadaye, picha zote zina utando. Toka nje nusu saa mapema, simu iwe mkononi, si mfukoni. Upepo wa bahari nao unaleta chumvi: futa lenzi kwa kitambaa laini cha miwani kila baada ya muda, usitumie ncha ya leso yenye mchanga.

Mazoezi huhitaji kuyafanyia Mombasa. Kutoka Donholm, mwezi Desemba, jua linazama karibu kabisa na vilima vya Ngong. Panda juu ya jengo penye kamba za nguo, utaviona upande wa kusini-magharibi kukiwa kweupe. Jua litajificha nyuma ya vilima dakika kadhaa kabla ya saa iliyoandikwa kwenye simu, kwa sababu vilima vimeinua upeo. Funga mwangaza, teremsha, subiri robo saa baada ya jua kupotea, piga tena. Mkono ukishazoea huko juu ya nyumba, Mombasa utakuwa unafikiria mama peke yake.

Na mama ndiye picha yenyewe. Hapa nitakushangaza kidogo, maana nitakurudisha kwenye ufuo uleule wa Nyali.

Ukimweka mtu mbele ya machweo, una njia mbili. Ya kwanza ni kumwacha awe umbo jeusi. Hiyo hufaa kijana anayeruka, mvuvi na wavu wake, mama na mjukuu wameshikana mikono. Inahitaji ubavu wa uso uonekane na mikono iachane na mwili. Lakini picha ya miaka 70 inayotundikwa sebuleni bila uso haitawaridhisha wajukuu. Njia ya pili ni kumuwashia flashi, na flashi ya simu humfanya mtu aonekane kama amebandikwa.

Sasa fikiria jioni ufuoni Nyali jua likiwa limeshazama bara. Mama anasimama kwenye mchanga, mgongo wake umeelekea bahari, uso wake umeelekea magharibi. Wewe unasimama kati yake na hoteli, unatazama mashariki. Anga lote la magharibi, lililowaka nyuma yako, linamwangazia uso kwa mwanga mpana na laini usio na vivuli vikali, makunyanzi yake yanaonekana yalivyo bila kuchongwa. Na nyuma yake, juu ya bahari, kuna kitu ambacho watu wachache hukitazama: mkanda wa rangi ya waridi, na chini ya huo mkanda, ukigusa upeo, utepe wa buluu iliyokolea kijivu. Utepe huo ni kivuli cha dunia yenyewe kikipanda angani upande ulio kinyume na jua. Unadumu kwa dakika kama 10 au 15, ukipanda na kufifia. Bahari inakuwa ya fedha yenye waridi. Hiyo bahari uliyoiona ya kijivu Agosti, nina hakika ulikuwa umeshaipa mgongo kutazama jua lilikopotelea, au mawingu yalikuwa mazito upande wa bara.

Avae nini? Leso au dera la rangi nzito, buluu, kijani, nyekundu ya damu ya mzee. Nyeupe tupu itavuta macho kutoka usoni. Mwache atembee taratibu ukingoni, mwite jina, apige hatua na kugeuka; usimwambie atabasamu. Shika simu usawa wa kifua chake, si juu ya kichwa. Gusa uso wake kwenye kioo ili mwangaza uchukuliwe hapo.

Na tazama kalenda ya mwezi kabla ya kulipia nauli. Jioni ya mwezi mpevu, jua likizama bara, mwezi unachomoza baharini karibu saa ileile. Siku moja kabla ya mpevu ni bora zaidi: mwezi unakuwa umetangulia kuchomoza kama saa moja hivi, jua bado lina mwanga, na unapata mama, bahari na mwezi vyote vikionekana bila taabu. Ukiweza kupanga safari ianguke hapo, ipange hata kama ni lazima kuhamisha siku mbili tatu. Hoteli za Desemba hujaa, lakini tarehe za mwezi zinajulikana mapema, na treni ya asubuhi kutoka Syokimau inawafikisha Miritini mchana, muda unatosha kupumzika kabla ya jioni.

Lenzi kubwa, basi. Picha ya jua kwenye kamera ya kitaalamu ina upana wa takriban urefu wa lenzi ukigawanywa kwa 100. Lenzi ya milimita 50 inatoa jua lisilofika nusu milimita kwenye kihisi, yaani kile kinachopokea picha ndani ya kamera, chenye upana wa milimita 36. Ya milimita 200 inatoa kama milimita mbili. Hivyo lenzi kubwa ni kwa mtu anayetaka duara kubwa la jua nyuma ya mnara wa msikiti. Picha uliyoniomba haina duara hilo. Ni uso wa mama kwenye mwanga laini, na kwa hiyo simu nzuri ya kawaida inatosha. Weka pesa za kukodi kwenye siku moja ya ziada hotelini, maana siku ya ziada ni nafasi moja zaidi ya kukutana na anga zuri. Ukikodi hata hivyo, usilitazame jua kupitia tundu la kamera yenye lenzi ndefu likiwa bado kali, linaumiza jicho kweli. Tumia kioo cha nyuma, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kushika mwanga) iwe 100, na stendi ya miguu mitatu.

Ukirudi Nairobi, usimtumie mwenye studio picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itabanwa na kupoteza ubora. Itume kama faili au mpelekee kwenye flash disk. Picha ya megapikseli 12, yenye nukta 4,000 kwa 3,000, inachapishwa vizuri hadi ukubwa wa A3. Mwambie asiongeze rangi, na umwombe kwanza nakala ndogo ya majaribio, uitazame mchana karibu na dirisha. Chagua karatasi isiyong'aa, ili taa ya sebuleni isimulike usoni mwa mama kila jioni mnapokaa.